Kipande Ambacho Udameshi Hakukitamka

Nyie vijana mnaosomea uuguzi na utalii siku hizi mna raha, na siwaonei kijicho, nawaambia tu. Neno la Kiingereza likiwashinda mnaligusa kwenye simu, sauti ya mwanamke asiye na haraka inalitamka, mnarudia, yamekwisha. Zamani zetu simu hiyo ilikuwa mimi. Nilikuwa simu ya chuo kizima, yenye mafua wakati wa baridi ya Karatu, na yenye hasira siku ambazo chai ya saa nne imechelewa.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiingereza cha kazini kwa wauguzi wasaidizi, kwenye chuo kidogo pembeni mwa mji wa Karatu. Nilianza miaka ya sabini ikielekea mwisho, na muongo uliofuata ukanikuta palepale, ubao uleule, koti lilelile. Wanafunzi wangu walitoka kila upande. Walikuwepo watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, ambao baba zao walikuja kutoka Singida na Dodoma wakasahau kurudi. Walikuwepo Wairaqw wenzangu, Wamaasai wa Endulen, na Wadatoga wachache wa kule bondeni karibu na ziwa Eyasi. Kila mmoja alikuja na ulimi wa kwao. Sisi Wairaqw, kwa mfano, herufi nyingine tunazitolea kooni kabisa, hadi mgeni anadhani tumepaliwa.

Mtaniuliza, muuguzi msaidizi wa kijijini alihitaji maneno marefu ya Kiingereza ya nini? Alihitaji kwa sababu ya redio. Zahanati za mbali hazikuwa na simu, zilikuwa na radio call. Mgonjwa akizidiwa, muuguzi anabonyeza kitufe, anamweleza daktari wa hospitali kwa mdomo, anamalizia kwa neno ova ili daktari naye ajibu, na madaktari wengi wakati ule walikuwa wageni wasiojua Kiswahili. Redio inakwaruza, upepo unavuma, betri inalegea. Neno refu likitoka limekunjamana, daktari haambulii kitu, na mgonjwa amelala pale anasubiri. Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa chuo ulikuwa wa mdomo, na aliyeshindwa hakupewa zahanati.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na Mwalimu Nanyaro, Mmeru mmoja mpole aliyenitangulia pale chuoni. Nilipoanza, nilikuwa nalitamka jina la kipimajoto kwa mtindo wetu wa Kiswahili, themo-MITA, nguvu zote karibu na mwisho, na darasa zima linaniitikia kwa furaha. Mwalimu Nanyaro alinisikia kupitia dirishani. Akaingia darasani kana kwamba anatafuta chaki, akaninong'oneza, "Bura, gonga mapema. Gonga pale kwenye mo." Akachukua chaki yake akatoka. Baadaye, tukiwa peke yetu, ndipo alipokaa nami akaniambia kwamba neno refu la Kiingereza lina vipande vingi lakini kimoja tu ndicho mwenye nyumba. Hicho kinatamkwa kwa nguvu, kinavutwa kidogo, kinapandishwa sauti. Vingine vyote vinanywea.

"Na nitamjuaje mwenye nyumba?" nikamuuliza.

"Mara nyingi utahangaika. Lakini yale maneno yanayoishia na shen, hayo yana huruma. Nguvu inakaa kwenye kipande kinachotangulia hiyo shen. Cha pili kutoka mwisho, kama kwetu kwa Kiswahili."

Jamani, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la kahawa. Maneno ya hospitali karibu nusu yake yanaishia na shen! Imyu-nai-ZEI-shen, yaani chanjo. Hospi-ta-lai-ZEI-shen, yaani kulazwa. Kumbe yale majitu marefu tuliyokuwa tunayaogopa ndiyo yaliyofuata kanuni tuliyozaliwa nayo. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuingia darasani nikiwa na jasho mikononi.

Nawapa na lile la pili alilonifundisha, maana bado linafaa hata kwenu wenye simu. Neno refu usilianze mwanzoni. Lianze mkiani. Ukianza mwanzoni pumzi inakuishia njiani na mkia unaukokota. Ukianza mkiani, kila unapoongeza kipande unaelekea mahali unapopafahamu. Shen. ZEI-shen. Nai-ZEI-shen. Na pumzi vuta kabla ya neno, usivute katikati yake.

Kugonga tulikuwa tunagonga mezani kwa vidole, mpaka alipokuja kijana wa Endulen tuliyemwita ole Saning'o. Yeye alisema meza ya watu haigongwi, akasimamisha fimbo yake na kugonga sakafu. Vipande vidogo aligusa tu, na kwenye kipande chenye nguvu alishusha fimbo sawasawa, tukaelewa wote kuliko siku zote nilizopayuka. Kesho yake darasa zima lilikuja na vijiti vilivyokatwa kwenye uzio wa chuo. Mkuu wa chuo alilalamika juu ya uzio, halafu juu ya sakafu, halafu akaizoea kelele kama tulivyoizoea sisi.

Sasa niwaambie juu ya Udameshi, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo.

Udameshi alikuwa Mdatoga, mke wa mtu, mwenye bangili za shaba mkononi ambazo hakuzivua hata alipovaa sare. Kijijini alikoolewa, upande wa Mang'ola, walikuwa wamejenga zahanati. Kuta zimepakwa chokaa, mlango una kufuli, mtu wa kuhudumia hayupo. Mvua zikianza watoto wanaharisha, na wengine hawafiki Karatu. Kijiji kilimtaka yeye kwa kuwa alimaliza darasa la saba. Wanaume wa ukoo wakakataa, wakasema mke wa mtu hawezi kwenda kulala mabwenini. Aliyewanyamazisha ni baba mkwe wake. Alisema binti huyu ataenda, na maneno yakaisha. Akamtuma na mwanawe mwenyewe, Martina, wifi yake Udameshi, wasome pamoja.

Siku hiyo tulikuwa na neno ambalo kwa kazi yao lilikuwa muhimu kuliko yote, "rehydration", kumrudishia mgonjwa maji mwilini. Nikaanzia mkiani. "Shen!" Vijiti vikagonga. "DREI-shen!" Vikagonga vizuri. "Hai-DREI-shen!" Vikagonga, lakini kijiti kimoja kilibaki hewani na mdomo mmoja ulikuwa umefungwa.

"Udameshi, unaumwa jino?"

Akatikisa kichwa. Nikarudia, akainama. Tulipofika kwenye neno zima, ri-hai-DREI-shen, alikuwa ameufunika mdomo kwa kiganja na anatazama sakafu.

Martina akasimama. "Mwalimu, usimlazimishe. Hicho kipande ni jina la baba."

Baba yake Martina, ndiye baba mkwe wa Udameshi, aliitwa Gidahaida. Gida ni mwanzo tu, wanaume wengi wa kwao majina yao yanaanza hivyo. Jina lenyewe ni hicho kinachofuata, haida, na hai ndiyo inayoliongoza. Na kwa Wadatoga mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Si mzaha wala si ushamba. Ndiyo heshima yenyewe, na wanawake wa kwao wana maneno tele ya kuweka badala ya yale wasiyoyataja, wanazungumza kutwa nzima bila kukwama. Wapo wanaolegeza wakiwa wanasema Kiswahili. Udameshi hakulegeza. Hata kwa Kiswahili hakuwahi kusema mgonjwa yu hai, alisema mzima. Nilikuwa nimemsikia miezi yote hiyo na sikushtuka.

Mimi ni Mwiraqw, na sisi na Wadatoga tumeibiana ng'ombe na kuoana tangu enzi na enzi, kwa hiyo desturi hiyo nilikuwa naijua. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba ingenifuata mpaka kwenye ubao wangu. Kuhara ndiko kulikoua watoto wa bondeni, swali hilo lisingekosekana kwenye mtihani, na mtahini alitaka jina la tiba litamkwe kwa sauti kabla ya mengine yote.

Nikamwita pembeni baada ya kipindi, nikajaribu ujanja. Nikamwambia kipande hicho si mwenye nyumba, hakina nguvu, anaweza kukimeza kidogo, ri-h-drei-shen, nani atasikia?

Akanitazama kwa upole, kwa jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyesema jambo la kitoto. "Mwalimu, nikilimeza si nimeshalitia mdomoni?"

Nikaanza kukung'uta chaki kwenye koti.

"Yule mzee ndiye aliyenileta hapa," akaendelea. "Wote walikataa, akakubali yeye. Nikilitaja, nitarudi kwake na uso gani? Na nisipolitaja, nitarudi kijijini na uso gani?"

Nawaambia ukweli, nilisononeka. Nilikula chakula cha jioni bila kujua ninachokula. Mke wangu akauliza kama nimefukuzwa kazi.

Kesho yake ni Udameshi aliyenyoosha mkono. "Mwalimu, ulisema neno hili lina vipande vyenye maana. Ri ni kurudisha. Mkia ni kufanya. Hicho cha katikati maana yake nini?"

"Maji. Kimetoka kwa Wagiriki."

"Wagiriki hawapo Mang'ola. Waingereza wenyewe maji wanayaitaje?"

"Wota."

Akafikiri kidogo, akainua kijiti chake. "Ri-wota-REI-shen."

Darasa likaangua kicheko, hadi ole Saning'o akaegemea ukuta. Yeye hakucheka wala hakuona haya. Akaeleza kwamba kwao ndivyo wanawake wanavyofanya. Ukikatazwa neno unalitoa, unaweka jirani yake mahali pale, na kazi inaendelea. Nikaliandika ubaoni nikaligonga mwenyewe kwa kijiti. Ri, wo, ta, REI, shen. Nguvu iliangukia palepale ilipopaswa, kabla ya mkia. Nilikuwa nimefundisha vipande hivyo kwa miaka, nikidhani wanafunzi wanavikariri tu, na sasa nilimwona mtu amevishika mkononi anavijenga. Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka kwamba neno hilo halimo kwenye kamusi yoyote duniani.

Mtahini aliitwa Mama Chilongani, Mgogo wa Dodoma, mwenye miwani mizito na sifa ya kutocheka. Aliketi nyuma ya meza iliyokuwa na birika, sukari, chumvi, kijiko na bilauri. Sisi walimu tuliruhusiwa kukaa nyuma, lakini mwalimu aliyefungua kinywa mwanafunzi wake alihesabiwa ameanguka. Nilikalia mikono yangu. Nje ya dirisha, kwenye benchi, Martina alikuwa anasubiri zamu yake, na kila neno la ndani lilimfikia.

Udameshi alichanganya dawa kwa utaratibu mzuri. Aliuliza kama maji yamechemshwa na kupoa, akapima sukari, akapima chumvi, akaonja, akasema kwa Kiingereza chake kwamba isizidi chumvi ya machozi. Mama Chilongani akaandika. Halafu akauliza hiyo tiba inaitwaje.

Nikasikia bangili zikigongana.

"Ri-wota-REI-shen," akasema Udameshi.

Mama Chilongani akaweka kalamu chini. "Rudia."

Akarudia, nguvu mahali pake.

Mama akavua miwani, akanitazama mimi, akamtazama Udameshi. Bangili zile zilimvuta macho. Kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mwanangu, baba mkwe wako anaitwa nani?"

Udameshi akaweka kiganja mdomoni na kutazama chini. Hilo nalo asingeweza kulijibu hata kwa kuchapwa.

"Anaitwa Gidahaida!" Martina akaita kutoka dirishani, kwa kuwa yeye ni binti na jina la baba yake halimkatazi kitu. "Mzee Gidahaida wa Mang'ola!"

Mama Chilongani alianza kutikisika mabega. Nilidhani ni hasira. Kumbe ni kicheko, kicheko cha mama mtu mzima aliyekibana siku nyingi, mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi mkwe wangu aliitwa Mvula," akasema. "Kwa Kigogo mvula ni mvua. Mpaka tunamzika, mimi nilikuwa nasema yamenyesha ya juu. Watu wa ofisini waliniona nina wazimu." Akavaa miwani, na uso ukarudi wa kazi. "Lakini sikiliza. Daktari aliye upande wa pili wa redio mkwe wako hamjui. Neno lako zuri, ila hatalielewa, na mtoto amelala hapo. Utafanyaje?"

Akachukua kijiko akakiweka sikioni kama ndiyo redio. Udameshi akatazama meza, akachukua bilauri, akaiweka mdomoni.

"Daktari," akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kila moja limesimama peke yake. "Mtoto amepoteza maji. Namrudishia maji. Anakunywa vizuri. Ova."

"Nimekupata," akajibu Mama Chilongani ndani ya kijiko chake. "Ova." Akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akamwita Martina aingie.

Nilitoka nje nikashika mti wa jakaranda kwa mikono miwili. Ole Saning'o akaniuliza kama nataka maji, nikasema nataka, na tukacheka wote wawili.

Lakini bado lilibaki la nyumbani. Martina alikwenda kwao siku chache baadaye, na nilijua atasimulia. Habari ikisafiri hubadilika, na mimi niliogopa itafika imegeuka, kwamba chuoni Karatu jina la mzee linapigwa vijiti na kila mtu. Jambo ambalo, mkifikiri vizuri, lilikuwa kweli. Nilijiambia, huyu mzee atakuja kumchukua mkwewe, na zahanati itabaki na kufuli lake.

Na kweli alikuja. Alishuka kwenye lori la vitunguu asubuhi moja, mrefu, mkavu, shuka begani, fimbo mkononi. Udameshi alipomwona alipita mbali, kwa adabu, akasimama pembeni ya jengo. Mzee akaulizia mwalimu anayeitwa Bura. Nikajitokeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiyo mwalimu?" Alizungumza Kiswahili cha mnadani, kifupi na cha moja kwa moja. "Nimeambiwa hapa kuna neno la Wazungu. Lina jina langu ndani."

"Lipo, mzee. Halikukusudiwa kukuvunjia heshima."

"Liseme."

Nikalitamka polepole, kipande kwa kipande. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akainamisha kichwa kidogo aliposikia kipande chake kikipita.

"Linafanya kazi gani, neno hilo?"

"Linarudisha maji kwa mtoto aliyeharisha mpaka amekauka. Akinyweshwa mapema, anapona."

Mzee alitazama lile lori, akatazama fimbo yake. "Mimi nimezika watoto kwa ugonjwa huo," akasema. "Hapana mmoja tu." Halafu akaelekeza kidevu upande aliokuwa amesimama mkwewe, bila kumtazama. "Huyu, yeye alikataa kulitaja?"

"Alikataa, mzee. Karibu aanguke mtihani."

"Vizuri. Basi nyinyi litajeni. Kila siku litajeni. Yeye asilitaje." Akagonga fimbo mara moja. "Yeye alifanye."

Nikageuka nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa koti. Udameshi alikuwa mbali lakini nadhani alisikia, kwa sababu alikuwa amekaa chini palepale kwenye majani, sare na yote, na anacheka huku anajifuta machozi.

Aliondoka na mzee kwenye lori lilelile alasiri, kwenda kuifungua zahanati, yeye mbele na dereva, mzee nyuma juu ya magunia matupu. Walipokuwa wanasubiri dereva amalize kula, mzee alikuja tena kwangu akaniomba nimfundishe, maana alisema haiwezekani watu wote walijue jina lake la Kizungu isipokuwa yeye. Nikamwanzishia mkiani kama mwanafunzi mwingine yeyote. Shen. DREI-shen. Kipande chake alikitamka kwa raha ya mwenye mali. Lori lilipowashwa na kuanza kuteremka kuelekea bondeni, tulimwona juu ya magunia ameshika fimbo wima anagonga ubao wa lori, mara mbili taratibu, mara moja kwa nguvu, mara moja taratibu.